Mota Iliyotoka Kongo

Tulimzika Emase kule Moding wiki iliyopita, mchana wa jua kali. Nilipofika getini, kijana aliyekuwa akipokea wageni aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu, ili ajue anikalishe kwenye hema gani. Nikamwambia mimi ni shemeji yake. Akanitazama. Mimi ni Mkhayo wa Busibwabo na Emase alikuwa Mteso, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kusikia kwamba mzee alikuwa na ndugu upande wetu. "Shemeji wa wapi, kukhu?" akauliza, kwa heshima, akiniita nyanya kwa lugha yetu. Nikamwambia wa kiwandani, Malaba, zamani. Akanikalisha na majirani. Nilisikiliza wakisema kwamba marehemu alikuwa fundi wa stima wa kwanza kutoka lokesheni hiyo, na kwamba taa za kanisa na za shule alizifunga yeye kwa mikono yake. Yote yalikuwa kweli. Hakuna aliyesema alijifunzia wapi, na mimi si mtu wa kushika maikrofoni. Nilirudi nyumbani, na tangu hapo mwaka ule haujaniacha. Ninauandika kama nilivyouona. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtu asitafute maneno makubwa hapa.

Ni mwaka uliofuata Uhuru. Malaba haikuwa mji bado. Ilikuwa barabara, reli, kizuizi cha mpakani, maduka machache ya mabati, na kiwanda cha kuchambua pamba ambacho paa lake lilionekana kutoka mbali. Ndani ya kiwanda mlikuwa na mashine za kutenga pamba na mbegu, na mwisho kabisa mashine kubwa ya kukandamiza pamba iwe marobota. Zote zilizungushwa na mota za umeme, na umeme ulitoka kwenye jenereta ya dizeli iliyokuwa katika chumba chake nyuma ya jikoni. Vumbi la pamba lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya ugali kama hukuufunika haraka. Mume wangu, Barasa, alikuwa mtu wa swichi. Ndiyo kazi aliyoitiwa: kuwasha mota, kuzizima, kuzisikiliza. Tulikaa katika chumba kimoja kwenye laini ya wafanyakazi, chenye kitanda, sanduku la nguo, na dirisha ambalo halikuwa na kioo. Mwanzoni mwa mwaka huo, siku ya Jumatatu, msimu wa pamba ukiwa umepamba moto, sanduku la kuwashia mota mpya ya kukandamizia lililipuka mbele yake. Alifia njiani akipelekwa hospitali. Sikumwona tena akiwa hai. Emase, aliyekuwa msaidizi wake na aliyepanda naye kwenye lori, ndiye aliyemshika kichwa.

Sitaandika habari za maziko. Nitaandika neno moja lililosemwa baadaye, kwa sababu neno hilo ndilo lililouzaa mwaka wangu. Karani wa kiwanda alikuja Busibwabo kutoa pole, akakaa, akanywa chai, na akiwa mlangoni anaaga akawaambia wazee, kwa sauti ya mtu anayesema jambo linalojulikana, kwamba kijana alikuwa mzuri, ila asubuhi ile alikuwa na harufu ya pombe. Basi. Akapanda baiskeli yake akaenda. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mkwe wangu, na niliuona mgongo wake ukikauka kama mti. Kwa sababu harufu hiyo ilikuwa kweli. Jumapili ile Barasa alikuwa kwa mama yake, ambako majirani walikuja kumsaidia kuchuma pamba, na kama ilivyo kwetu, anayeita watu shambani huwapikia busaa, pombe yetu ya nafaka. Asubuhi ya Jumatatu, kabla hajatoka kwenda kupanda basi, mama alimchotea bakuli la mwisho. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Kunywa, mwanangu, safari ni ndefu na hujala." Barasa alisita. Mama akamsukumia bakuli mkononi. Nilikuwa nimekaa pale pale nikifunga viatu.

Tangu siku ile ya karani mama hakupika busaa tena. Vyungu alivifunika mdomo chini nyuma ya nyumba. Hilo watu wangelielewa. Lakini pia aliacha kulia. Aliacha kwenda kwenye vyama vya akina mama, aliacha kukaa mlangoni jioni, na chakula alikula kama mtu anayemeza dawa. Nikimsalimia, "Mulembe, Mayi," aliitikia bila kuniangalia. Siku moja nilimkuta amekaa uso wake ukielekea ukutani, na bila mimi kuuliza chochote akasema, "Nekesa, wewe uliona. Ni mimi niliyempa." Nilimwambia bakuli moja haliwezi kumuua mtu. Akasema, "Unajua? Ulikuwa ndani ya ile nyumba ya mashine? Unajua ni nini kilichomuua?" Sikujua. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilitaka kumtoa mama huyu kwenye ukuta na sikuwa na kitu cha kweli mkononi. Ningeweza kusema uongo wa kumtuliza. Watu wengi waliniambia nifanye hivyo. Lakini nilimfahamu mama mkwe wangu. Angenuka uongo kabla sijaumaliza. Siku hiyo niliamua kwamba nitajua ni nini kilichomuua Barasa, na kama kweli ni pombe, nitarudi nimwambie hivyo pia.

Kiwandani walinichukua jikoni. Nadhani walinihurumia, au walitaka kuonekana wamenihurumia. Nilipikia wafanyakazi wa mashine: ugali wa muhogo na mtama, ule Wateso wanauita atap, kwa dagaa wa omena au kunde, na siku ya malipo nyama. Ukuta kati ya jikoni na nyumba ya mashine ulikuwa wa mabati matupu, na kila kilichosemwa upande wa pili nilikisikia kama kimesemwa ndani ya sufuria yangu. Ndivyo nilivyoijua sheria yao. Kila sanduku la kuwashia mota lilikuwa na mkono wa chuma wenye nafasi mbili. Nafasi ya kwanza waliiita staa, ya pili delta. Unaanza staa, mota inaamka polepole; sauti ikinyooka, unasukuma mkono kwenye delta, na mota inapata nguvu zake zote. Waliikariri kama katekisimu: staa, ngoja, delta. Na waliigeuza kuwa jambo la uanaume. Mtu wa swichi aliyekawia kusukuma mkono alichekwa mpaka jioni. Nyapara, jina lake Ouma, mtu mwenye sauti ya kuvuka mto, alikuwa hodari wa mchezo huo. "Wewe ni mtu wa staa!" angemwambia mtu. "Hata nyumbani unaishia kwa staa?" Na wengine wangecheka, na yule mtu angesukuma mkono haraka kuliko inavyotakiwa.

Emase hakucheka. Alikuwa mlokole, hanywi, havuti, na wenzake walimwita Pasta ingawa hakuwa na kanisa. Baada ya Barasa kufa, yeye ndiye aliyepewa swichi. Aliniita shemeji tangu siku ya kwanza, kwa sababu Barasa alimwita kaka, na hakuacha hadi alipozeeka. Nilimuuliza wazi, siku hiyo hiyo ya kwanza, nikimpakulia chakula. "Shemeji, siku ile Barasa alikuwa amelewa?" Alishusha sahani. "Shemeji, nilikaa karibu naye kama nilivyokaa na wewe hapa. Harufu ilikuwapo. Lakini mtu aliyelewa hawezi kusikiliza mota, na yeye aliisikiliza. Nyapara akapiga kelele, 'Barasa! Unangoja nini? Delta!' Akasukuma. Basi." Nikamuuliza kwa nini basi ililipuka. Akatikisa kichwa. "Kama ningejua, ningelala usingizi. Sasa mkono huo huo ninaushika mimi."

Jambo moja alilijua, akaniambia. Mota ile haikuwa kama zile nyingine. Wakati huo Wabeljiji walikuwa wameondoka Kongo na mali ya viwanda vyao ilikuwa ikiuzwa hovyo, na malori yaliyopita Kampala yakija kwetu yalibeba mashine zilizong'olewa huko. Mwenye kiwanda alinunua mota mbili. Moja ndiyo iliyomuua Barasa. Ya pili ilikuwa imefunikwa kwa gunia ndani ya stoo, ikingoja kufungwa kabla ya msimu ujao, mahali pale pale, na mtu wa kuiwasha ni Emase. Sasa nilikuwa na sababu mbili za kujua.

Ile iliyoungua waliitupa nyuma ya stoo, kwenye majani. Niliiendea siku moja baada ya kuosha vyombo, na mchanga, kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Kila mota ina kibao kidogo cha chuma ubavuni. Kibao cha hii kilikuwa kimefunikwa na udongo mwekundu na grisi iliyokauka hata huwezi kujua kama kipo. Nilisugua mpaka vidole vikauma. Maneno yalikuwa ya lugha ambayo sikuijua, lakini namba ni namba. Niliona V, na mbele yake 220, mstari, 380. Kesho yake nikaingia nyumba ya mashine mapema kabla ya Nyapara, nikapeleleza vibao vya mota nyingine. Zote ziliandikwa 415, basi, namba moja. Nilizibeba namba hizo kichwani nikaanza kuuliza watu. Hakuna dereva aliyekula jikoni kwangu msimu ule ambaye hakuulizwa.

Majibu niliyopata! Taniboi mmoja wa lori la Kampala aliniambia, mdomo umejaa omena, "Nyabo, vitu vya Kongo vinasikia Kifaransa peke yake. Ukiviambia delta, vinadhani umevitukana." Wote wakacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu nifiwe. Nyapara Ouma alisema namba ni za watu wa dukani, za kujua bei. Dereva mwingine, mzee mpole, alisema ni mwaka mota ilipotengenezwa na mwaka itakapokufa. Emase ndiye aliyefikiri. "Mia tatu themanini na mia nne na kumi na tano ni majirani," alisema. "Stima yetu ni mia nne na kumi na tano. Imezidi kidogo tu. Mtu anakufa kwa sababu ya kidogo hicho?" Hata mimi niliona haiwezekani. Na ile mia mbili na ishirini hakuna aliyejua inatafuta nini pale. Miezi ilipita hivyo. Nilikwenda Busibwabo kila nilipopata Jumapili, nikamkuta mama amekaa vile vile, na nikarudi na basi la jioni linalopita Alupe nikiwa nimeuma meno. Sikuwa na huzuni ya kulia. Nilikuwa na kitu kigumu kifuani, na nilikishukuru, maana ndicho kilichoniamsha asubuhi.

Fundi aliyekuja kuifunga mota ya pili alitoka Kisumu, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe aliyeitwa Pritam. Hakula nyama wala omena, kwa hiyo nilimpikia dengu na chapati peke yake, na alikula jikoni kwa sababu alichukia vumbi la pamba. Siku ya kwanza sikusema kitu. Nilitaka ashibe kwanza. Siku ya pili nilimwekea chai na nikamuuliza, "Fundi, mota ina namba mbili. Kwa nini namba mbili?"

Aliniangalia kama mtu aliyesikia kuku akisalimia. "Nani nakwambia namba mbili?"

"Nimesoma. Mia mbili na ishirini, na mia tatu themanini. Zingine zote ni mia nne na kumi na tano."

Akasogeza kikombe. "Lete vijiko tatu." Nikampa. "Mama, tumbo ya mota iko na koili tatu. Waya nasokotwa, nasokotwa. Hii moja, hii mbili, hii tatu." Akaviweka vijiko mezani, vichwa vitatu vikigusana katikati na mikia ikitazama nje. "Hii staa. Stima naingia mkia huku, natoka mkia huku. Napita vijiko mbili, ndiyo? Basi nagawana, hapana nusu kamili kwa sababu laini iko tatu. Kila kijiko napata kidogo, mia mbili arobaini." Kisha akavipanga upya, kijiko kikigusa mkia wa kijiko, pembe tatu. "Hii delta. Sasa stima naingia hapa, natoka hapa, napita kijiko moja tu. Hapana gawana. Kijiko moja nabeba yote. Mia nne kumi na tano."

Nilivitazama vile vijiko. Emase alikuwa ameingia na alisimama nyuma yangu na sahani yake mkononi, hapumui.

"Sasa kibao," akaendelea fundi. "Namba ndogo ni ya kijiko. Koili ya Kongo naweza kubeba mia mbili ishirini. Ile namba kubwa ni ya laini ya stima, kama wewe nafunga staa. Hapa kwetu laini iko kubwa kidogo kuliko Kongo. Staa itapata joto kidogo, lakini nafanya kazi, hakuna shida. Lakini delta..." Alipiga meza kwa kiganja, vijiko vikaruka. "Delta hapana! Delta ni kupa mtoto gunia ya mtu mzima. Hizi zingine zote koili yake naandikwa mia nne kumi na tano, hizo nataka delta. Hii ya Kongo, staa, staa, staa mpaka kufa. Nani aliweka hii kwa sanduku ya delta?"

Emase akasema ni fundi mwingine, wa haraka, aliyekuja siku moja akaondoka, na sanduku lilikuwa lile lile la mota ya zamani. "Na fyuzi?" akauliza Pritam. "Koili nazidiwa, stima nyingi sana napita ndani ya sanduku. Fyuzi nakatika kwanza." Emase akainamisha kichwa. Fyuzi zilikuwa zikikatika mara nyingi, kwa hiyo watu walizoea kusokota waya nene badala yake ili kazi isisimame. Kila mtu alijua. Pritam alifunga macho kidogo, kisha akauliza nani aliyesukuma ule mkono.

"Mume wangu," nikasema.

Hakusema pole upesi kama watu wanavyosema. Alivinyoosha vijiko, kimoja kimoja. Ndipo nikamuuliza lile lililonileta. "Fundi, kama hangekuwa ameonja pombe, ingelipuka?"

"Mama," akasema, "mota hainusi mdomo ya mtu. Askofu nasukuma hii mkono, napasuka."

Jumapili hiyo nilikwenda Busibwabo na vijiko vitatu kwenye kikapu. Nilivipanga sakafuni mbele ya mama mkwe wangu, staa, kisha delta. Nilieleza vizuri, naamini, kwa Kikhayo, na nikajiona nimefika. Alivitazama kwa heshima. Kisha akasema, "Vijiko vyako havichomi mtu, Nekesa. Umeambiwa hayo na watu wanaokupenda." Akavikusanya, akavifuta kwa leso yake, akanirudishia. Ningeweza kukubali kwamba nimefanya niliyoweza. Badala yake nikamwambia, "Jumatano unakuja na mimi Malaba." Akasema haendi mahali alipofia mtoto wake. Nikamwambia nitalala mlangoni kwake mpaka aende, na nikalala kweli, kwenye mkeka, na Jumatatu sikwenda kazini, wala Jumanne. Jumatano alitoka amevaa kanga yake ya kanisani, akanipita, akatangulia barabarani.

Nyapara Ouma alitukuta getini. "Huyu ni nani? Hapa si maonyesho ya kilimo. Na wewe, mama wa jikoni, watu wamekula mihogo mibichi siku mbili!" Nikamwambia ni mama yake Barasa. Nilidhani atapiga kelele zaidi. Aligeuka akaenda kuangalia marobota ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Pritam alikuwa ameifunga mota ya pili kwa staa peke yake, na alikuwa amekubali kunisaidia. Emase alikuwa amemwomba. Jenereta ilikuwa ikinguruma na mashine za kutenga zikizunguka. Walimkalisha mama kwenye kisanduku, mbali na nyaya, na Emase akamwambia kwa upole, "Toto, usiogope, hii haitakufikia," toto likiwa ndilo neno lao la mama. Pritam alichukua taa ya kawaida, ya nyumbani, akamwonyesha mama maandishi juu ya kioo chake. Nikamtafsiria: imeandikwa mia mbili na arobaini, ndicho inachoweza kubeba. Akaiunganisha kwanza panapofaa. Taa ikawaka vizuri, kama inavyowaka dukani. Kisha akafunga taa mbili kwa kufuatana, akaziunganisha kwenye nyaya mbili za mota, mia nne na kumi na tano. Zikawaka zote mbili, zimefifia kidogo, zimegawana. Mama alitazama kwa makini, mikono imefungwa magotini. "Sasa," akasema Pritam. Akaitoa moja. Iliyobaki akaishusha ndani ya debe tupu, akasogea, akatuambia sote tusogee, akaunganisha nyaya zile zile.

Haikuwaka. Yaani iliwaka mara moja tu, nyeupe kama radi, halafu mlio, na vioo vikagonga ndani ya debe. Mama aliruka akasimama. Moshi mwembamba ulipanda. Mama alikwenda mwenyewe hadi kwenye debe baada ya Pritam kukata umeme wa nyaya zile, akainama, akatazama ndani kwa muda, kana kwamba amepoteza kitu humo.

"Hii taa," akasema, "haikunywa chochote."

"Hapana, Mayi."

"Na huyu," akamwonyesha Emase kwa kidevu, "anakunywa?"

"Sijawahi, Toto," akasema Emase. "Na siku ile kama mkono ungekuwa wangu, ningesukuma mimi. Tulifundishwa hivyo. Mimi ndiye ningezikwa."

Alinyooka polepole. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa mwaka akaniangalia machoni. "Kwa hiyo mwanangu hakukosea."

Nimewahi kufikiri sana juu ya dakika hiyo. Ilikuwa rahisi kusema hakukosea. Kila mtu mle ndani alitaka niseme hivyo. Niliiona hamu hiyo usoni mwa Emase. Nyapara alikuwa amerudi amesimama nyuma ya marobota, na ningeweza pia kumwonyesha yeye kwa kidole na kumwachia mzigo wote. Lakini nilikuwa nimelala kwenye mkeka mlangoni pa mwanamke huyu kwa sababu ya ukweli, na sikuweza kumpa nusu yake. "Alikosea, Mayi," nikasema. "Mota hii haikutakiwa kupelekwa delta, naye akaipeleka. Kibao kilikuwa kimeandikwa, chini ya uchafu. Hakukisafisha. Hakuna aliyekisafisha. Alihimizwa, akasukuma, kama walivyosukuma wote kwa mota zote. Alikosea akiwa na akili zake timamu, mikono yake ikiwa imara. Bakuli lako halimo."

Aliyapokea maneno hayo moja moja, niliona. Kisha akakaa chini, si kwenye kisanduku, bali sakafuni, kwenye vumbi la pamba, na kanga yake ya kanisani, na akaanza kulia. Siku ya maziko alikuwa amelia, wote tulilia, lakini baada ya lile neno la karani alinyamaza kama mtu anayengoja hukumu. Sasa alimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo mimi mkewe sikuwa nimelisikia. Alimlilia kama mama anavyomlilia mtoto. Lakini jenereta ilinguruma, mikanda ilipiga, na sauti yake ilizama. Tuliona mdomo tu.

Emase aliweka sahani ya vifaa chini, akatoka kwenda chumba cha jenereta. Mashine zikaanza kupungua mwendo, moja baada ya nyingine, mikanda ikalegea, na nyumba nzima, ambayo sikuwahi kuisikia kimya saa za kazi, ikanyamaza. Ndipo sauti ya mama ikajaa hadi kwenye mabati ya paa. Wafanyakazi waliacha walichokuwa wakifanya. Nyapara Ouma alijitokeza mbio kutoka nyuma ya marobota, kwa mazoea tu, nadhani, maana alikuwa ameona yote. "Nani amezima?"

"Mimi," Emase akasema kutoka mlangoni.

"Kwa amri ya nani?"

"Nyapara, kuna mtu analia."

Ouma alimtazama mama pale chini. Akavua kofia. Akatafuta mahali pa kuweka mikono yake, hakupata, mwisho akakaa juu ya robota la pamba, kofia magotini, kichwa chini. Hakuna aliyewasha kitu mpaka mama alipomaliza.